Mke Mwenza Aliyeimba

Shemeji yangu Fanor anapiga muziki kwa sauti ya kubomoa nyumba. Ni fundi viatu, mzee wa watu, hana ugomvi na mtu, lakini Jumamosi ikifika anafungua mlango wa mbele na wa nyuma, anaweka santuri kwenye mashine, na ngoma za Havana na za New York zinatoka humo mpaka vikombe vyangu vinagongana kabatini, nami nakaa nyumba ya tatu. Mtaa wetu wa Obrero si wa watu wa kulalamikia muziki. Hapa Cali, mji wetu wa Kolombia, utalalamikia mbwa, utalalamikia maji, hata padri utamlalamikia. Muziki unalalamikiwa ukiwa mbaya tu. Lakini mwaka jana hata jirani wa ukutani, mwanamke mwenye subira ya punda, alikuja kubisha hodi. Aliketi akasikiliza upande mzima wa santuri, akachukua kengele ya Fanor akaigonga kidogo kufuata ngoma, ndipo akakumbuka kilichomleta.

"Fanor, baba, hebu punguza. Nina mgonjwa ndani."

"Nimeshapunguza."

"Hapo umepunguza?"

"Ndiyo maana nakusikia."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimempeleka kwa daktari wa masikio wiki iliyotangulia. Daktari, binti mdogo mwenye kucha safi, alimvalisha vitu masikioni, akambonyezea vitufe, akatuambia kwamba masikio ya mzee yanafunga mlango, tena yanafunga kuanzia juu. Zinaondoka kwanza sauti nyembamba: ndege, watoto, wanawake. Nene zitabaki kwa muda. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni, alisema, vitasaidia mazungumzo, lakini kwa muziki asitegemee sana.

"Kuna waume huku mtaani wangelipa wapate ugonjwa huo," nilimtania tulipotoka nje. "Wasiwasikie wake zao."

Hakucheka. Alisimama kwenye kivuli cha mlango wa hospitali, kofia mkononi.

"Kwa hiyo sauti yake ndiyo itakayotangulia kuondoka, Nelcy. Kabla sijaipata."

Hakuwa anamsema dada yangu Ofir, mkewe, ambaye wakati huo tulikuwa tumeshamzika. Alikuwa anamsema yule mwingine, mwanamke wa kwenye santuri. Fanor alitaka kuusikia wimbo mmoja tu, mara moja tu, kabla masikio hayajafunga. Ameutafuta tangu ujana. Santuri zote zile zilizoijaza nyumba yake hadi chini ya kitanda zilikusanywa kwa ajili ya wimbo mmoja ambao haumo. Mimi namwita mwendawazimu, na nina haki hiyo, maana nilikuwepo siku wazimu ulipoanza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yetu hakumruhusu Ofir kwenda dansini peke yake, kwa hiyo alinifunga mimi kwake kama mkia. Zilikuwa dansi za vijana, Jumapili mchana, katika ua wa nyumba ya mtu yeyote mwenye sakafu ya saruji. Pombe ilikatazwa, kilichouzwa ni juisi ya tunda la lulo, chachu, yenye barafu, na kwa sababu hiyo dansi zenyewe tuliziita agüelulo, maji ya lulo. Mwenye mashine na santuri alikuwa Arnobio, kijana mwenye masharubu membamba aliyejiona kama askofu. Santuri alizinunua kwa mabaharia wa bandari ya Buenaventura, na akishazinunua alilowesha ile karatasi ya katikati yenye jina la wimbo, akaikwangua kwa wembe, ili wapinzani wake wasijue anapiga nini. Kila santuri yake ilikuwa na kipara.

Tena alikuwa na lile jambo letu la Cali, ambalo mpaka leo wageni hawaliamini. Miguu yetu haikuwa na subira na muziki ulivyokuja. Santuri ya mwendo wa mizunguko thelathini na tatu kwa dakika sisi tuliizungusha arobaini na tano, ikakimbia, na sisi nyuma yake. Walioirekodi wangezimia kama wangeisikia. Hatukujali. Ukimwona mtu wa Cali anacheza leo mpaka miguu haionekani, basi ujue miguu ile ilifundishwa na mashine iliyotiwa wazimu.

Wimbo wenyewe Arnobio aliuweka wa mwisho kila Jumapili. Haukuwa na mwanzo. Aliidondosha sindano katikati, pale kengele inapoingia na waitikiaji wanapojibu, na juu yao sauti nyembamba ya mwanamke, kama anacheka huku anamkimbia mtu. Sijui lilikuwa jambo gani katika sauti ile. Ua mzima ulisimama. Na Jumapili moja kijana mmoja akavuka ua akiwa na viatu vyeupe kwa vyeusi alivyojishonea mwenyewe, hakumtazama Ofir hata kidogo, akaja kuinama mbele yangu.

"Dada mdogo, naomba dada yako. Wimbo mmoja tu."

"Na mimi nitakunywa nini?"

Alirudi na bilauri mbili. Nilimuuza dada yangu kwa bilauri mbili za juisi ya lulo, na maishani sijafanya biashara nyingine nzuri kama hiyo. Nilinywa huku nikiwatazama. Ofir alikuwa mnene kidogo, mwenye haya, wa kuficha meno akicheka. Katika wimbo ule aliyasahau meno. Walicheza nao Jumapili chache hivi. Kisha Arnobio akapakia mashine, santuri na masharubu yake kwenye lori, akaenda Venezuela kufuata pesa za mafuta, na wimbo ukaenda naye. Hakuna aliyejua jina lake. Ulikuwa na kipara.

Fanor alimwoa Ofir, na ungedhani hapo mtu ametosheka. Thubutu! Kipenda roho hula nyama mbichi. Alianza kununua santuri moja moja, ngoma za enzi za baba zetu ziitwazo mambo, chachachá, pachanga, halafu salsa ilipokuja akainunua nayo, na kila aliyoileta nyumbani aliiweka kwanza kusikiliza kama ni yenyewe. Alitafuta wanawake. Waimbaji wa kike wa Havana, wa Puerto Rico, wa Panama, hata mmoja aliyeimba na bendi ya meli ya watalii. Alikuja kuwa mtu wa kuheshimiwa miongoni mwa wakusanyaji. Kila Desemba, wakati wa sherehe za mji, wanapokusanyika bustanini na masanduku yao ya santuri, Fanor hutembea meza kwa meza, na kwa wasiomfahamu huimba ule wimbo kwa sauti nyembamba ya kujilazimisha, mzee mzima na kofia yake, na watu huinamisha vichwa, husikiliza kwa adabu, husema hapana. Walimpa jina: Mjane wa Asiyejulikana. Alipewa jina hilo mke wake angali hai.

Ofir hakuona wivu. Aliona kichekesho. Alimwita yule mwimbaji mke mwenza.

"Unakwenda kumtafuta mke mwenzangu?" alimuuliza kila Desemba, akimnyooshea kola ya shati.

"Namtafuta."

"Ukimpata mwambie aje na sabuni yake. Nguo za nyumba hii zimenichosha."

"Anaimba, hafui."

"Basi huyo ndiye mke mkubwa. Mimi ni yaya."

Na alikuwa akifua kweli, Jumamosi, kwenye karo la uani, maana hakuziamini mashine. Jumamosi Fanor naye alikuwa kwenye cherehani yake ya ngozi, chumba cha mbele, akikimbizana na viatu vya wachezaji wa Jumapili. Kwa hiyo siku hiyo santuri ilikuwa zamu ya Ofir kuchagua. Na katika utajiri wote ule, mwanamke huyu alichagua moja, ile ile, Jumamosi baada ya Jumamosi. Fanor aliinunua zamani katika furushi la santuri za marehemu mmoja, akaisikiliza muda wa kupiga chafya, akaisukuma rafu ya chini kabisa. Juu ya jalada mwanamume mwenye kofia ya majani ameketi juu ya sanduku la safari, macho nusu yamefumba. Mwimbaji naye aliimba hivyo hivyo, polepole, kama anayesubiri gari moshi na hajali lisipokuja. Fanor alimwita Msinziaji.

"Ofir, mama, mwondoe Msinziaji huyo! Watu watadhani tuna msiba."

"Mwache afike mwisho. Huko mwisho ndiko kutamu."

"Mpaka afike huko viatu vitakuwa vimetoka mtindo."

"We shona. Mimi huyu, sijui kwa nini, akifika kule mwisho nyayo zinaniwasha."

"Hiyo ni sabuni," alijibu Fanor, na kuongeza kasi ya cherehani. Cherehani ya ngozi ina kelele za kinu. Nilikuwepo Jumamosi nyingi hizo, nikimsaidia kukamua shuka, na majivu ya miwa inayochomwa mashambani yalipopeperuka hadi juu ya kamba tulianika na kulaani pamoja. Ofir aliitoa santuri kwenye jalada kwa mikono yenye maji. Fanor akiona hilo alifumba macho kama aliyechomwa sindano, lakini hakuthubutu kusema.

Maana kwa mambo mengine ya santuri alishakuwa msomi. Zile mbio zetu za ujana alizikana kabisa. "Santuri ina mwendo wake," aliwafundisha vijana pale bustanini. "Aliyeipiga alijua anachofanya. Kuikimbiza ni utoto." Waimbaji wa kike tu ndio aliowajaribu kwa arobaini na tano, wote, mmoja mmoja, kwa siri, milango imefungwa, kama mtu anayeonja pombe mwezi wa Kwaresima. Hakuwa yeyote kati yao.

Dada yangu aliugua moyo, akatutoka mwezi wa Agosti, mchana, upepo wa alasiri ukiwa ndio kwanza unashuka kutoka milimani. Sitasema mengi juu ya hilo. Baada ya mazishi Fanor hakugusa mashine ya santuri hadi mwaka ukazunguka, na alipoigusa tena, utafutaji ukawa kitu kingine. Zamani ulikuwa mchezo wao wawili. Sasa alitafuta kama mtu aliyedondosha ufunguo wa nyumba. Aliniambia mara moja tu, akitazama viatu vya mteja, kwamba uso wa Ofir anaukumbuka akiwa mke na akiwa mgonjwa, lakini wa pale uani, siku ile ya kwanza, umemponyoka. Aliamini wimbo ungeurudisha. Nilimwambia aache upuuzi, picha zipo. Akasema hakuna picha ambamo aliyasahau meno. Nikaenda kumpikia.

Kisha masikio, kama nilivyosema. Na baada ya masikio, Arnobio.

Habari zake nilizipata kwa mwanamke anayetuuzia matunda ya chontaduro pale kona, ya kuchemsha, ya chumvi na asali. Huyu akikupa matunda mawili anakupa na habari nne. Watu wetu wengi walikuwa wakirudi kutoka Venezuela miezi hiyo, maisha yamewashinda, mabegi mgongoni. Miongoni mwao, alisema, kuna mzee mmoja kule juu mlimani, mtaa wa Siloé, kwa binti yake, anayejidai kwamba ndiye aliyewafundisha watu wa Cali kucheza. Masharubu anayapaka rangi. Nililiacha tunda la pili bila kulimenya.

Tulipanda Siloé Jumamosi hiyo hiyo. Fanor alivaa suti ya bluu ya harusi za watu. Arnobio tulimkuta kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amekauka kama kuni, masharubu meusi tititi, na alimtambua Fanor kwa kutazama chini.

"Fundi viatu! Nyie, kiatu chako kile kilinitoa kidole."

"Kidole chako kilikuwa kibaya kabla ya kiatu."

"Na huyu?"

"Mimi ni yule mtoto wa juisi," nikasema.

"Ala! Mkia! Umekua, na ulimi umekua nao."

Hakuwa na santuri hata moja. Aliziuza huko, moja moja, alipokosa mkate, akalisema hilo kwa kicheko kirefu kuliko kilivyostahili. Fanor alivuta kiti karibu, akageuza sikio lake zuri, akamwomba asikilize. Akaimba. Mlangoni pale, watu wakipita na mitungi ya gesi, shemeji yangu aliimba wimbo wa mke wake kwa sauti ile nyembamba, na mara hii nilisikia kitu kilichonitia hofu: alikuwa hapati tena noti za juu, na hakujua kama hazipati.

Arnobio alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka binti yake akatoka ndani na maji.

"Mwanamke?" alisema alipopata pumzi. "Umemtafuta mwanamke?"

"Sauti ya mwanamke, Don Arnobio. Sote tuliisikia."

"Mwanamke gani wewe! Yule mwanamume. Tena mwanamume mvivu kuliko wote niliowahi kuwasikia. Mwanzo wake ni matanga matupu, hakuna kijana angesimama kucheza. Basi mwanzo wote nikauruka. Nikamdaka kule mwisho, kwenye kengele, nikamtia arobaini na tano. Sauti ikapanda, akawa msichana! Uzuri wote ule ni kazi ya kidole changu hiki."

Fanor alikuwa ameshika magoti yake. "Jina," alisema. "Wimbo unaitwaje?"

Kicheko kikamkatika yule mzee. Alitazama kidole chake.

"Nililikwangua mwenyewe kwa wembe, Fanor. Niliogopa wenzangu wasije wakalijua. Sasa hata mimi silijui." Akapangusa masharubu, na rangi ikabaki mkononi. "Jalada nalikumbuka. Jamaa amekaa juu ya sanduku la safari. Kofia ya majani. Anasinzia."

Nilimgeukia Fanor nikidhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Mzee yule ana sauti nene.

Tulishuka kwa vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, mapaa ya bati yakipita chini ya miguu yetu, na upepo wa alasiri ukitusukasuka. Mimi nikinyamaza huwa naumwa, kwa hiyo nilisema. Nilisema hakuna aliyejua, hata Ofir mwenyewe hakujua. Nilisema mengi. Fanor alinipa kauli moja tu njia nzima.

"Alijua kwa nyayo," alisema. "Aliniambia, nami nikamwambia ni sabuni."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi tulipofika kwake mzee aliinama, suti ya bluu na magoti yake yanayolia, hadi rafu ya chini, akamvuta Msinziaji. Pembeni mwa jalada, pale mtu anaposhika, karatasi ilikuwa imefura na kufifia umbo la dole gumba. Ni maji ya karo. Alama juu ya alama, Jumamosi juu ya Jumamosi. Alilifunika lile dole kwa dole lake, akakaa hivyo sakafuni, nikajifanya nafungua madirisha.

Halafu akaweka santuri. Akasukuma kijiti cha mwendo hadi arobaini na tano, mbele yangu, milango wazi. Akainamisha macho hadi karibu na santuri, akatafuta kule mwishoni, akashusha sindano.

Jamani, alikuwa yeye. Kengele iliingia, waitikiaji wakajibu, na juu yao yule msichana, anacheka, anamkimbia mtu. Mwili wangu wa bibi mwenye sukari ukasimama wenyewe. Nilisikia uchachu wa lulo kwenye meno. Nilimwona dada yangu na gauni la njano la kuazima, mnene, mzuri, kinywa wazi, meno yote nje. Nilimgeukia Fanor huku machozi yakinitoka, nimwambie, unaona? Unamwona?

Fanor alikuwa ameinamia spika, mkono nyuma ya sikio, kinywa kimeachama kidogo kama cha mtoto anayefundishwa neno.

"Ngoma ninazo," alisema. "Besi ninayo." Akasubiri. "Nelcy, ameshaanza kuimba?"

Niliyapangusa macho kwa kiganja.

"Ameshaanza?"

"Ameanza, shemeji. Anaimba."

Aliongeza sauti. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Aliongeza tena. Yule msichana aliimba hadi mbwa wa mtaa wakaitika, na mwanamume aliyemtafuta maisha yake yote alisimama mbele yake akitazama kitambaa cha spika kikipwita, hamsikii. Wimbo ukaisha. Sindano ikabaki inakwaruza katikati, na ukwaruzo huo nao nadhani hakuusikia. Nilimlaani Arnobio, na wembe wake, na daktari mwenye kucha safi, na nilimlaani Mungu kidogo, nimeshaungama.

Nikanyoosha mkono nizime mashine. Fanor alinizuia. Akarudisha kijiti chini, thelathini na tatu, akainua sindano, akairudisha mwanzo wa wimbo.

Gitaa likaanza, bila haraka. Kisha Msinziaji akaingia na sauti yake nzito ya mtu wa kwenye kituo cha gari moshi, na nikaona uso wa shemeji yangu ukibadilika, kuanzia machoni kwenda chini.

"Huyu namsikia," alisema. "Namsikia maneno yote."

"Mwache afike mwisho," nilimwambia. Maneno si yangu, yalitoka tu.

Alimwacha. Wimbo ni wa mtu aliyekwenda mbali kutafuta kitu, kumbe amekiacha nyumbani. Haukuwa na lolote jipya, nyimbo zao nyingi ndivyo zilivyo. Alisikiliza akiwa amesimama wima, mikono imening'inia, kama watu wanavyosimama jeneza likipita. Kule mwisho kengele iliingia, polepole mara hii, kama kengele ya ng'ombe arudiye jioni, na waitikiaji wakajibu, na Fanor akatazama miguu yake. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeanza. Alikitazama kwa mshangao. Akaanza kulia kwa sauti, na hakujua kwamba ni kwa sauti, na miguu haikusimama.

Sikumuuliza kama uso wa siku ile ulirudi. Kuna mambo hata mimi siulizi. Desemba ilipofika alikwenda bustanini kama kawaida na sanduku lake, lakini hakutembea meza kwa meza, na walipomtania kuhusu mke wake asiyejulikana aliwaambia ameshajulikana, ana kofia ya majani, na wakadhani uzee umempanda kichwani.

Jumamosi mimi ndiye ninayefua sasa, pale karoni pa dada yangu, nguo zake na zangu. Fanor ananiwekea Msinziaji, kwa thelathini na tatu, sauti ya kubomoa nyumba, na jirani wa ukutani amenunua pamba za masikio. Mikono yangu ina maji, lakini santuri hunipa mimi niitoe kwenye jalada. Yeye kwanza huenda chumba cha mbele, akaizima cherehani.